Kumtoa Everlyne Tudor

Kibokoni, Mombasa
4 Februari 1996

Mama Mirriam mpendwa,

Shikamoo. Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mdogo wangu Everlyne. Miguu yako yaendeleaje tangu ulipostaafu ukarudi Kaloleni? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Mama, sasa mimi ndiye ninayekata sare za shule dukani kwa Bwana Zoher, na mafundi wawili wanashona ninachokata. Nimepanga chumba ghorofani kwa Bi Hajra, chenye madirisha mawili, na maji yapo uani. Nataka kumtoa Everlyne kwenye kituo cha watoto cha Tudor, aje akae nami.

Bwana Nicodemus, mkuu mpya wa kituo, anasema mtoto mwenye ndugu aishi na nduguye. Ameshaanza kuwarudisha wengine kwa shangazi na bibi zao. Lakini kamati ya kituo inasema msichana wa miaka ishirini na miwili asiye na mume si familia. Afisa wa watoto amenishauri nilete barua ya mtu aliyetulea. Ni wewe, Mama. Ndiwe uliyetupokea mlangoni mwaka themanini na saba, mama yetu alipofariki, Everlyne akiwa mgongoni mwangu.

Nakuomba uniandikie.

Mwanao,
Loise


Kaloleni
1 Machi 1996

Mwanangu Loise,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako haujaharibika. Miguu inauma asubuhi, jua likipanda inatulia. Hongera kwa kazi. Majirani wote nimewaonyesha barua yako.

Lakini hilo unaloliomba sitaliandika. Kituoni Everlyne ana kitanda chake, anakula mara tatu, na akiugua muuguzi yupo. Wewe watoka saa moja asubuhi. Akirudi shule atamkuta nani? Na ukiolewa na mtu asiyemtaka je? Nimekaa Tudor miaka ishirini na sita. Nimeona watoto wakichukuliwa kwa vigelegele na kurudishwa kwa aibu. Subiri amalize shule.

Usinikasirikie.

Mamako,
Mirriam


Kibokoni
16 Juni 1996

Mama,

Shikamoo, na pole na maumivu. Nilikukasirikia, ndiyo maana nimenyamaza zaidi ya miezi mitatu. Unisamehe.

Likizo ya Aprili Bwana Nicodemus alimruhusu Everlyne akae nami wiki mbili. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amesimama kando ya mlango, ameshaoga, anangoja kengele. Nilipomtilia chai akaniuliza, "Kikombe changu ni namba ngapi?" Hata maji ya kunywa aliomba ruhusa. Nilimweleza Bi Hajra, naye akaniambia, "Mwache adeke, mwanangu. Huyu hajui kudeka." Nikiwa kazini alishinda kwake, wakichagua mchele na kukanda unga.

Siku ya tisa nilimpa uji, akalisukuma bakuli. "Sitaki. Hauna sukari." Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Tangu tuingie Tudor sikuwahi kumsikia akisema hataki kitu.

Siku ya kumrudisha hakulia. Tulipofika getini aliniuliza, "Dada, nimekosa nini?"

Mama, nilimkumbatia, nikagonga geti.

Ulitulea vizuri, wala silalamiki. Kusoma, kushona, kusema kweli, vyote nimetoka navyo kwako. Ndiyo maana najua naweza.

Mwanao,
Loise


Kaloleni
8 Julai 1996

Loise mwanangu,

Marahaba, nami nawasalimu, wewe na mdogo wako. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia tena.

Namba zile niliziandika mimi, kwa rangi nyekundu, chini ya kila kikombe. Watoto walikuwa arobaini na kikohozi kikiwazunguka; nikaona kila mmoja awe na chake. Sikujua kuna atakayeondoka na namba hiyo moyoni.

Nikwambie jambo ambalo mwezi wa tatu sikuliandika. Niliogopa. Nilijiambia, ikiwa binti mwenye chumba kimoja ataweza kumpa mtoto kile nilichoshindwa kumpa, basi miaka yangu yote pale ilikuwa ya nini? Kilikuwa kiburi, mwanangu, nami nikakiita busara.

Barua sitaandika. Watu wa kamati hawakujui, na karatasi haitoshi. Basi wataambiwa na mdomo wangu. Nimeuliza, wanakutana Alhamisi tarehe kumi na nane. Unipokee stendi ya Mwembe Tayari saa nne.

Mamako,
Mirriam


Kibokoni
21 Julai 1996

Mama yangu,

Shikamoo. Je, basi la saa tisa lilikufikisha salama? Uliondoka kabla ya jibu, basi nikupe yote.

Ulipoondoka tuliketi kwenye benchi nje ya chumba cha kamati, Everlyne ameushika mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi. Tukamsikia Mzee Abdulghafur, yule aliyekuuliza, "Huyu binti ana nani nyuma yake?" akiwarudia wenzake jibu lako: "Ana mimi. Nimelea watoto zaidi ya mia mbili. Mkitaka kujua kama kazi yangu ilikuwa nzuri, mtazameni huyu." Mama, nilikuwa nimesimama ubavuni mwako ulipoyasema. Sijawahi kujiona mrefu vile.

Wamekubali! Afisa atatutembelea kila mwezi kwa miezi sita. Everlyne yupo hapa, amelala kifudifudi sakafuni, anachora maua kwenye mabaki ya vitambaa. Jana alivunja birika la Bi Hajra. Nikamfokea, naye akanifokea, Bi Hajra akatucheka sote wawili.

Mwanao,
Loise


Kaloleni
12 Januari 1997

Wanangu Loise na Everlyne,

Heri ya mwaka mpya. Hali yangu njema, na nimenenepa kidogo.

Bwana Nicodemus ameniandikia kwamba wewe Loise ulisimama mbele ya mashangazi na wajomba walioitwa kituoni, ukawaeleza mambo yalivyo, hata magomvi yenu, na kwamba tangu siku ile watoto kumi na wanne wameenda kwa watu wao. Leo nimeisoma barua hiyo kanisani, watu wakapiga makofi. Sijawahi kujivuna kanisani. Leo nimejivuna, na sijatubu.

Anasema wamebaki tisa. Wawili ni mabinti wa marehemu Mung'aro, aliyekuwa jirani yangu hapa hapa, na hakuna jamaa aliyejitokeza. Nimewafagilia chumba cha pili. Mwambie Bwana Nicodemus amlete afisa wa watoto anikague. Wasinionee haya kwa kuwa zamani nilikuwa mlezi wa Tudor. Wakitazame kitanda, wawaulize majirani, wafunue hata sufuria.

Niko tayari kuanzia kesho asubuhi.

Mama yenu,
Mirriam