Taarifa Mpya Kabisa Redioni

Redio ya Wanafunzi,
Jengo la Maktaba, Ghorofa ya Pili,
14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Pokea salamu zangu nikiwa mzima, ila sauti imekauka kwa kuhutubia. U hali gani? Mgongo umepoa? Mama anasema usimfiche kitu. Ukikohoa tu kwenye simu, nyumbani kwetu hatulali.

Nakuandikia kuhusu binti yako. Umeagiza Kidole aache kompyuta ahamie uhasibu, na mwisho wa kuhama ni Ijumaa. Yeye hakubishii, analia kimyakimya huku akipiga pasi. Basi nabisha mimi, kwa heshima zote.

Uongozi wa chuo ulitangaza kwamba maktaba itafungwa mapema, nasi tukaitisha mkutano wa kupinga. Redioni, kompyuta hurusha yenyewe faili la mwisho kwenye orodha. Taarifa ya tisa ilisema mkutano umeahirishwa. Ya kumi, kwamba upo. Lakini orodha ilipangwa kwa majina, na kwa kompyuta ile "taarifa-10" hutangulia "taarifa-9", kwa kuwa moja huja kabla ya tisa. Chuo kizima kikazidi kuambiwa hakuna mkutano.

Fundi mitambo akashika kichwa. Kidole, aliyekuwa nasi pale, akavuta kiti, akaiandikia kompyuta amri ya mstari mmoja:

ls -t | head -n 1

Yaani: panga mafaili kwa wakati, jipya likae juu, kisha nipe la kwanza.

Kilichofuata hewani ni mimi, nikikohoa na kuuliza, "Hii maiki mbovu, au masikio yangu?" Faili jipya kuliko yote lilikuwa la taarifa iliyofuata, nililokuwa bado narekodi.

"Kipaza, leo umelihutubia taifa," fundi akasema, akifuta machozi ya kicheko.

"Cheka tu. Zamu yako inakuja."

Kidole hakucheka. "Jipya, lakini halijakamilika. Kosa langu." Akatenga folda ya kurekodia, faili likikamilika ndipo linahamia kwenye folda ya kurushia. Taarifa ya kumi ikasikika mabwenini kote. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, na uongozi ukarudisha saa za maktaba.

Mjomba, makofi nilipigiwa mimi. Nikayapokea huku najua, kwa fahari, kwamba bila binti yako ningehutubia viti. Je, kichwa cha namna hii ndicho tunachotaka kukipangia mahali pa kukaa?

Nilimwuliza kwa nini hajakueleza haya. Akajibu, "Baba hajaniuliza."

Muulize, Mjomba, kabla ya Ijumaa. Usinijibu mimi.

Nisalimie mkaza mjomba na mapacha. Mama na babu wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu.

Mpwa wako akupendaye hata akikubishia,
Kipaza