Jina Lako Kwenye Zamu za Maji

Mpendwa kaka,

Leo kamati imenitaka nitoe jina lako kwenye programu ya zamu za ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Ni miezi minne tangu tukuzike kijijini Myamba, na shamba lako la tangawizi sasa analilima jirani. Wamenituma mimi kwa sababu ni mimi uliyenifundisha kuitumia.

Unakumbuka ulivyoshuka mjini Same, ukakaa dukani kwangu pale kwenye kompyuta ya kuchapia, ukaandika majina ya wenye mashamba ndani ya mabano ya mviringo, mkato kati ya jina na jina? "Hii kwa lugha ya kompyuta ni tuple, orodha iliyofungwa," ukasema. "Ukishaiandika haibadiliki. Hapa harukwi mtu." Vipimo vya maji ukaviweka kwenye orodha ya mabano ya mraba, kwa kuwa hivyo hubadilika kila wiki. Ulikuwa na maringo wewe!

Tukaenda kubandika karatasi ya zamu ndivani, wote tumesahau kwamba kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Ukamwamkia Mzee Elieza, mwenye zamu ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ila mbona mmeniandika sifuri? Mfereji huu kachimba babu yangu!"

Ulicheka mpaka ukakaa kwenye matope. Mimi ndiye niliyebaki kuomba radhi. Kicheko kile nakitamani mpaka leo.

Mchana huu nimefungua programu. Wewe ni namba mbili, yaani mtu wa tatu. Nikajaribu kuweka jina la jirani mahali pako. Ikagoma, ikaleta maandishi mekundu kwamba kilichomo kwenye tuple hakibadilishwi. Nilifurahi kijinga, kaka, kama nimepata mtu wa kunitetea. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu, ili tu niione ikikataa.

Lakini dawa yake nayo ulinifundisha: tuple haibadilishwi, huandikwa nyingine upya. Zamu ya shamba lile ni kesho, na tangawizi ya watu haiwezi kukauka kwa sababu ya machozi yangu. Nikaanza upya, jina, mkato, jina, mkato. Nilipofika kwako nikaandika la jirani. Nikafunga mabano, nikabonyeza.

Imekubali, kaka. Mara moja tu, bila kosa hata moja.

Wewe pumzika. Mimi bado sijaweza kukubali.

Mdogo wako,
Same