Swali la Mpiga Zumari

Dada Nunu,

Leo arubaini yako. Watu wameshatawanyika, nimebaki na jambo nililokuficha miaka minane.

Unakumbuka ulivyonijia hapa Maskati, miaka ya tisini ikielekea mwisho? Mama alikuwa keshatutoka, tumemzika Unguja, na nadhiri yake imebaki shingoni mwetu: rakaa mbili katika msikiti alimosomesha babu yake, nyuma ya kijiji cha Bustan. Tukaukuta. Kijumba cha mawe, hakina mnara, hamna mtu. Tuliposali, ukaomba dua kwa sauti. Ikaitikiwa, “Amin,” polepole, nyuma yetu.

“Umeitikia wewe?” ukaniuliza.

“Mimi,” nikasema. Wala sikuwa nimefungua mdomo.

Tukapita sokoni Matrah, ulitaka ubani. Alasiri, maduka mengi bado yamefungwa. Mzee mmoja kakaa kwenye ngazi anapiga zumari, na ghafla ukanishika mkono. Ulikuwa wimbo wa kutubembelezea, aliotutungia mama mwenyewe, usioimbwa nyumba nyengine yoyote.

Nikaikumbuka ile “Amin.” Nikasimamisha teksi, nikakusukuma ndani, nami nikaingia. Yule mzee akaacha kupiga. Akatazama nje ya mlango wa teksi, pasipo na mtu, akaniambia neno kwa Kiarabu. Kiarabu chako kilikuwa cha Msahafu tu, hukumfahamu.

“Kasema nini?”

“Anauliza kama tumepotea.”

Ulilia njia nzima mpaka kwangu Bawshar. “Sijui kama nadhiri imemfikia,” ulisema. Ukarudi Unguja na swali hilo. Kila nikikupigia simu hukosi kulitaja, hata ulipolazwa hospitali, sauti imeshakwisha: “Mdogo wangu, wadhani ilifika?”

Nikakujibu, “Mungu ndiye ajuaye.”

Nami nilikuwa najua. Yule mzee alisema, “Mbona mnamwacha mama yenu? Sogeeni, apande.”

Sikugeuka, dada. Niliuvuta mlango kwa nguvu zangu zote. Haukufunga, kitu laini kiliuzuia, kama pindo la nguo. Nikavuta tena mpaka ukafunga.

Ilifika nadhiri. Mama alikuja mwenyewe. Ungelijua hilo, usingelikufa na dukuduku. Lakini ningekwambia kuwa alikuja, ningelazimika kukwambia pia nilichomfanyia, na mpaka leo n'naona haya.

Kama mmeshakutana, mwombe anisamehe. Nawe, ukiweza.

Mdogo wako,
aliyekunyima mama