Ulizipita Gambuti Zangu

Mpendwa mchumba wangu wa zamani,

Hilo neno "mpendwa" nimeliweka kwa sababu barua huanza hivyo, usilichukue ukaenda nalo nyumbani. Nakuandikia hadharani kwa kuwa wewe nawe umeongea hadharani. Kuanzia Nyeri mjini hadi kwenu Kiriaini unawaambia watu kwamba nilikuacha kwa sababu ya katuni. Sasa mjomba wako amefika kwetu Giakanja na mkate na sukari kumwomba baba tukae chini tena, tumalize ile harusi ya kienyeji tuliyoiacha katikati. Mama ameanza kunitazama kwa macho ya huruma. Baba amemwambia mjomba wako asubiri jibu langu. Jibu ni hili, na nitalitoa polepole ili hata wewe ulifuate.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ulikuja kibandani kwangu Majengo, pale ninaposhona sare za shule, ukitaka suruali ipunguzwe. Nilikuwa nimeweka wimbo wa katuni ya mbega kwenye simu, nikiuimba juu ya kelele za cherehani. Ukaegemea mlango ukatabasamu.

"Hiyo katuni mimi huipenda sana," ukasema. "Si ni ile ya nyani?"

Mbega si nyani. Mtu anayeipenda katuni ile hujua hivyo kabla hajamaliza kukaa kitini. Lakini ulikuwa na meno mazuri, nami nilikuwa nimechoka kuwa mtu mzima wa pekee Nyeri nzima anayelia kwa ajili ya katuni. Suruali yako niliipunguza siku hiyohiyo ukiwa umeketi unasubiri, na wengine walikuwa kwenye foleni.

Wanaosoma bila kuijua hadithi, niwaeleze kidogo. Ni mbega mdogo wa kike aliyepoteza sauti, akajifunza kuongea kwa kupiga tawi kwa mguu. Tatu za haraka, kimya, kisha moja. Wenzake wote wanamwona ana kasoro, isipokuwa rafiki mmoja aliyejifunza kumsikiliza. Siku moja ukungu unashuka mlimani, kundi zima linapoteana, na huyo rafiki anampata kwa kuusikia mguu wake tu.

Katuni hiyo ilipogeuzwa mchezo wa jukwaani, wenye nyimbo na bendi na waigizaji watu wazima, nilidhani wataiharibu. Hawakuiharibu hata kidogo. Ile mikia ilishonwa kwa manyoya meupe, mirefu kuwapita waigizaji wenyewe, na ilipokuwa ikipeperuka juu ya vichwa vyetu nilisahau kwamba nina miguu. Na ukungu! Hawakutumia moshi. Walitumia shuka nyeupe. Kila mwigizaji alifunikwa shuka kuanzia kichwani, jukwaa likajaa maumbo meupe yasiyo na uso. Bendi inanyamaza. Ukumbi mzima unanyamaza. Kisha unausikia mguu. Tatu, kimya, moja. Rafiki anageuka, anatembea moja kwa moja hadi kwa shuka moja kati ya shuka zote, na anaifunua. Nimeshika kitambaa tangu nimalize shule, na sijawahi kuona kitambaa kikifanya kazi kubwa namna ile.

Tulisafiri hadi Nairobi mara tatu kuutazama, mimi na wewe. Ulinunua fulana yenye mkia mgongoni. Ulipiga picha kando ya bango, ukaziweka mtandaoni, ukaandika chini yake, "Sisi ndio mashabiki sugu." Watu wakakusifu kwamba wewe ni mwanamume wa kipekee, unayejua kupenda vitu anavyovipenda mpenzi wake. Na kila ilipofika sehemu ya ukungu, ulikuwa ukiinamisha kichwa. Nilidhani unaficha machozi. Niliushika mkono wako gizani nikajiambia huyu ndiye, sitafuti mwingine. Hadi leo nikikumbuka nilivyoukamata mkono ule kwa heshima, naona haya.

Basi ikaja siku ya ngurario, ile harusi yetu ya kienyeji. Watu wa kwenu wakaja Giakanja na mbuzi na vifijo, na ukafika wakati ambao kila bwana harusi wa Kikuyu anauogopa kidogo, wa kumtambua bibi yake kati ya wanawake waliofunikwa leso kutoka kichwani hadi karibu na ardhi. Ukikosea unacheka na wengine na unatozwa mbuzi. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimekuambia wiki hiyo, "Nisikilize tu kama yule rafiki kwenye ukungu."

"Hiyo ni rahisi," ukanijibu. "Siwezi kosa."

Shangazi zangu ni wajanja, unawajua. Walivichukua viatu vyangu vipya wakamvisha binamu yangu Wairimu, na mimi wakanipa gambuti za mama, zile buti za mpira za kukamulia ng'ombe. Nilifurahi kimoyomoyo. Gambuti kwenye simiti ya baraza husikika hadi barabarani. Ulipokaribia, niliona ncha za viatu vyako chini ya leso. Nikapiga. Tatu, kimya, moja. Viatu vyako vikasimama. Moyo wangu ulikuwa ukipiga wimbo mzima peke yake. Kisha viatu vyako vikaendelea mbele.

Nikapiga tena, kwa nguvu zaidi, mpaka shangazi aliyefunikwa kando yangu akaninong'oneza, "Wewe, unataka kwenda choo?"

Halafu nikasikia ngemi, vigelegele vya akina mama, na vicheko. Ulikuwa umemfunua Wairimu.

"Niliona viatu safi," ukawaambia wazee, "nikajua lazima ni yeye."

Ulinipata mara ya pili, ndiyo, baada ya msimamizi wako kukuonyesha kwa kidole. Nikakuita nyuma ya zizi kabla hatujaenda kukata nyama ya bega, ile ambayo tukishaikata pamoja, basi sisi ni mume na mke.

"Hukusikia?" nikakuuliza.

"Kusikia nini?"

"Mguu," nikasema, nikiunyanyua.

"Ati mguu?" Ukazitazama gambuti zangu kama mtu aliyeletewa bili ya meza nyingine. "Kumbe ni wewe ulikuwa unapiga hiyo kelele? Nilidhani ni shosho fulani mzee amechoka kusimama."

"Ukungu," nikasema. "Si nilikuambia ukungu?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, ukasema ukweli. "Hiyo sehemu ya mashuka mimi huwa niko kwa simu kidogo. Mpira. Lakini si nilikuwa nimekaa na wewe? Si nilikuwa hapo?"

Ulikuwa hapo. Ng'ombe wa mama pia alikuwa hapo, nyuma yetu, na yeye alikuwa amegeuza kichwa niliponyanyua mguu.

Niliingia jikoni nikamwambia mama kwamba sikati nyama. Shangazi wakanizunguka. "Hiyo ni kitu ya kucheka tu, mtoto," mmoja akasema. "Tumemlipisha mbuzi, maisha iendelee. Hata mjomba wako alichagua dada yangu kwanza, na bado tuko na yeye." Nikawaambia mjomba hakuwa amedanganya mtu. Nyama ya bega ilikatwa na wapishi, watu wa kwenu wakala, wakashukuru, wakaondoka, na wewe ukatangulia kwenye gari ukiwa umeinamia simu.

Sasa nisikilize, kama leo unaweza. Sikudharau kwa sababu huipendi katuni. Mtu hapendi kitu kwa kulazimishwa. Ungeniambia pale kibandani, "Mimi hiyo vitu ya watoto siitaki, nipunguzie suruali," ningecheka, na huenda ningeolewa na wewe hivyohivyo. Ninachokidharau ni ile fulana. Ninazidharau zile picha. Ulivaa mapenzi yangu ukapigwa picha nayo, na ndani yake ulikuwa unatazama mpira. Shabiki sugu! Wewe ni shabiki wa kuonekana, na hata huko kuonekana hukuwezi. Halafu una ujasiri wa kuwaambia watu Kiriaini kwamba mimi ndiye nisiyejua kutofautisha maisha na michezo.

Nikuambie jambo moja ambalo mjomba wako hakulisikia. Mwezi uliopita kikundi cha hapa Nyeri kilicheza mchezo wetu wa mbega kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi ndiye niliyeshona shuka zote za ukungu, na kwa shukrani wakanipa nafasi ya kusimama ndani yake. Sikuwa na maneno wala wimbo. Kazi yangu ilikuwa kusimama tu, nimefunikwa, kati ya wengine.

Baba alikuja. Baba ambaye tangu nikiwa mdogo huniambia waziwazi, "Sina haja na wanyama wa kuimba, mimi niko na kahawa ya kupalilia." Alivaa koti lake la Jumapili akaketi mstari wa mbele, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri daktari. Sikuwa nimempa ishara yoyote. Hata hakujua niko sehemu gani. Ukungu ukashuka, bendi ikanyamaza, ukumbi ukanyamaza, na kabla mbega hajapiga mguu wake, nikamsikia baba akimwambia jirani yake kwa ile sauti yake ya kuita mbwa:

"Huyo wa pembeni ni wangu."

Ukumbi ulicheka. Mimi nililia ndani ya shuka hadi ikalowa. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nikamwuliza alinijuaje. Akashangaa kwamba naliuliza swali la namna hiyo.

"Si unasimama na mguu mmoja ukipumzisha ule mwingine," akasema. "Hivyo ndivyo umesimama maisha yako yote."

Mwambie mjomba wako asipoteze tena sukari yake. Nawe nakuaga hapa, na fulana unaweza kubaki nayo, mkia wake ulishonwa vibaya tangu mwanzo.

Ni mimi, aliyekuwa mchumba wako,
mwenye gambuti.