Simba Hakuwepo, Mwita

Mwita, mura wangu,

Mimi mzima, na fahali wangu bado hana mwenzake Nyamwaga nzima, hilo hata huko uliko unalijua. Lakini Jumapili nilikutafuta kanisani kwa macho, nikasahau kwamba tumekuzika.

Haya makovu ya mgongo wangu, miaka yote nimesema ni simba wa Serengeti, nilimshika ulimi nikamrudisha kwao. Na wewe unaitikia, "Kweli tupu, nilikuwepo." Simba wakaongezeka mpaka watatu, hukupunguza hata mmoja.

Sasa lile bweni letu la shule linafunguliwa tena. Jumapili hiyo Mchungaji akatangaza kuwa yule mlezi wetu, mzee siku hizi, anakuja kuwaombea watoto. Akasoma majina ya watakaoingia. Ghati wa dada yangu yumo.

Nikasimama. Nikasema hakuna simba. Ni yule mzee na waya wake, alitupiga mimi na Mwita tukiwa darasa la tatu, na kila waya ukitua tunaambiwa tumshukuru Mungu.

Watu wakacheka! Kijana mmoja wa kwaya akaita, "Mjomba, na wale wawili wengine walikuwa wapi?" Mchungaji mwenyewe akafunika mdomo. Nikabaki nimesimama, nasubiri sauti yako.

Akasimama mkeo. Shemeji Bhoke, ambaye hata amina anaisema chinichini. "Kweli tupu," akasema. "Mnakumbuka marehemu alikuwa anaoga mtoni na shati? Mimi huo mgongo nimeuosha akiwa maiti. Ni waya."

Hakucheka mtu tena. Dada yangu akaenda mbele, akafuta jina la Ghati kwenye orodha kwa mkono wake.

Mzee haji. Ametuma mtu, anaomba msamaha. Mchungaji anasema nikisamehe nitapona. Napiga magoti kila asubuhi, Mwita, nikifika hapo pa kusamehe ulimi unagoma. Sijaacha kupiga magoti. Zaidi ya hapo sina.

Jana Ghati aliniomba hadithi ya simba. Nikamwambia habari ya mtoto aliyenipaka samli mgongoni, na mgongo wake mwenyewe bado unatoka damu. Akauliza kama ni kweli.

Pumzika, mura. Miaka yote wewe ndiye uliyenishuhudia. Kuanzia sasa, popote watakapouliza habari za bweni lile, mimi ndiye nitakayesimama niseme: kweli tupu, nilikuwepo.

Wako,
Chacha