Birika la Mwani

Valliammai, kitendawili. Hana mzizi, analala juu ya maji, na bado anamlisha mpunga.

Ni mwani wa maji baridi, ule wa mzee wangu, baba watoto. Miaka yote anauotesha kwenye birika la saruji uani, anaukausha, anaurusha kwenye mpunga shambani kama mbolea.

Leo nimekuta birika limesuguliwa, jeupe. Jeupe, shoga yangu. Na miche tumeshapandikiza, inasubiri mwani.

Nikamgeukia mkamwana wangu. "Poonkodi, nani kaosha hapa?"
"Si mimi, mama."
"Basi limejiosha lenyewe?"
Akalia, maskini.

Nikauliza tena, nani kaosha. Mzee wangu alikuwa amekaa kibarazani pa nyumba aliyoijenga mwenyewe, ufagio uliolowa uko mapajani. Akanitazama kama hanijui.

"Ni mimi, mama. Palikuwa na uchafu wa kijani. Usimwambie mwenye nyumba."