Dumu la Mfuniko wa Bluu

Rujewa, 14 Machi 2024

Mpendwa dada Evarista,

Hatujambo. Mpunga umeanza kuchanua, na Mama bado anachemsha maji ya kunywa kila asubuhi kama ulivyomfundisha. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nimempa Fred barua hii, anakuja huko Iringa leo.

Jana bwana shamba alipita akaomba maji. Alinusa kikombe, akalitazama dumu letu la maji, akauliza, "Mama, dumu hili lilikuwa la nini?"

"La dawa ya magugu, kutoka shamba la mpunga. Nililisugua kwa majivu, na maji yamechemshwa. Au unaogopa majivu?"

Hakucheka. "Moto unaua vijidudu, mama. Sumu iliyoingia kwenye plastiki haitoki."

Mama alilitoboa kwa panga mwenyewe.

Dada, lile la mfuniko wa bluu alilokupa Krismasi lilitoka shamba hilohilo. Najua unalipenda kwa kuwa halivuji. Usinywe tena maji yake, ulitoboe, na kliniki uwaeleze kabla hawajaipima mimba yako.

Mama ameketi hapa karibu. Ananikataza kukuandikia, halafu anauliza kama nimeshamaliza.

Mdogo wako,
Anjela